Mlango Mmoja Kwanza: Kupuliza Laka ya Akriliki Nyumbani

Boneti ya kwanza niliyoipuliza rangi kwa mkono wangu ilikaa nyekundu kwa dakika tano hivi. Nilikuwa nimesimama uani, bunduki ya rangi bado mkononi, nikiitazama inavyong'aa, mara wekundu ukaanza kufifia kutoka pembeni. Ukungu mweupe ukatambaa kuelekea katikati, hadi boneti nzima ikawa kama imemwagiwa tui jepesi. Ilikuwa Aprili, mjini Tanga, na mvua ya masika ilikuwa imekatika muda mfupi tu kabla sijawasha kompresa. Nikaamini nimeuziwa rangi mbovu.

Jirani yetu wa Chumbageni wakati ule alikuwa mzee aliyepiga rangi magari maisha yake yote. Nilimfuata, nikamwamkia, nikamweleza. Akaja, akaipapasa boneti kwa mgongo wa kiganja, akatazama juu mawinguni.

"Mwanangu," akasema, "rangi haina kosa. Hayo ni maji."

"Maji yametoka wapi, mzee, na mimi nimechanganya kwa thina tupu?"

"Yametoka humu humu tunamovuta pumzi."

Kisha akanifafanulia. Thina ya laka huruka upesi mno, na inaporuka huondoka na joto la bati. Bati likipoa kuliko hewa inayolizunguka, na hewa yenyewe imejaa unyevu, umande hutua juu yake kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande huo hunaswa ndani ya rangi inayokauka, na ndio ule weupe. Siku tatu baadaye, jua lilipotulia, alipuliza juu ya boneti ileile vumbi jembamba la thina ya polepole. Laka ikalainika, maji yaliyonaswa yakatoka, wekundu ukarudi. Hakupiga msasa hata mara moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna tabia nzima ya laka ya akriliki, na anayetaka kupuliza gari lake nyumbani aijue tabia hiyo kabla ya kununua hata kopo moja. Laka hukauka kwa thina kuruka, basi. Haichanganywi na hadina, yaani dawa ya kugandisha, haipitii mabadiliko ya kikemia ya kuifunga, kwa hiyo ukiimwagia thina kesho au mwakani italainika tena. Hapo ndipo palipo na rehema yake: kosa la leo linarekebishika. Mdudu akitua, mchirizi ukishuka, ukungu ukitokea, una njia ya kurudi nyuma. Lakini ni rangi nyembamba, na thina yake ni kali, hivyo kila ulichokificha chini yake hukitoa nje. Mkwaruzo wa msasa, puti iliyopigwa vibaya, kutu iliyofunikwa haraka haraka, vyote vitasomeka juu ya rangi baada ya wiki chache. Husamehe yanayotokea juu yake, haiyasamehi yaliyo chini. Ushauri wangu wote unatoka hapo.

Mafundi wengi mjini leo hutumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina. Inang'aa bila kusuguliwa, inastahimili petroli, na ni ngumu. Siikatai. Lakini hadina yake ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kinga ya kweli dhidi yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Nyumba ya kawaida haina kifaa hicho, na watoto wanaocheza upande wa pili wa ukuta hawana chochote. Laka nayo ina sumu ya thina, nitaieleza, ila kwa kazi ya uani ndiyo ninayoweza kumshauri mtu nikiwa na amani moyoni.

Si kitu kipya. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa laka ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, na kazi ya kupaka gari iliyokuwa ikichukua majuma kwa vanishi na brashi ikawa ya siku chache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafuata laka ya akriliki, iliyovumilia jua kuliko ile ya nitroselulosi, na General Motors wakaitumia kwa miaka mingi. Baadaye viwanda vilihamia rangi zinazokaushwa kwa tanuri na zile zenye tabaka la juu la uwazi, laka ikabaki kwa marekebisho na magari ya zamani. Dukani kwetu utaikuta imekaa pamoja na ndugu yake wa zamani, anayeitwa NC. Uliza waziwazi unauziwa ipi. Namna ya kuzipuliza hufanana, ila NC huwahi kugeuka manjano na kupasuka nyufa ndogo ndogo ikikaa juani.

Usianze na gari zima. Najua hamu ilivyo, hasa gari likiwa la marehemu mzazi au ndilo la kwanza kulinunua kwa jasho lako, unataka ulione jipya kwa siku moja. Anza na mlango mmoja, au madigadi, au kifuniko cha buti. Kwanza, kompresa ndogo ya nguvu ya farasi 2 yenye tangi la lita 50 inaumudu mlango, lakini kwa gari zima itazidiwa katikati ya mkono wa rangi, presha ishuke, na rangi itoke kwa matone. Pili, gari zima linataka kama lita 4 za rangi na lita 5 au 6 za thina, na mvuke wote huo uani kwa siku moja si jambo la nyumbani. Tatu, mlango wa kwanza ndio shule. Wa pili utaupuliza vizuri zaidi, na wa tatu utatamani kurudia ule wa kwanza. Kwa laka unaweza kuurudia.

Jambo la pili ni kuchagua rangi. Kama gari lako ni la rangi tupu, yaani nyeupe, nyekundu, nyeusi au buluu isiyo na chembe za kumetameta, endelea. Kama ni metaliki au lulu, mpelekee fundi. Chembe za alumini ndani ya rangi hulala kwa kufuata kasi ya mkono, umbali na presha, na mkono usiozoea huacha mabaka ya giza na mwanga ambayo hakuna polishi itakayoyaondoa. Namba ya rangi usiikisie kwa macho. Kwenye Toyota nyingi itafute kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Mchanganyaji wa rangi dukani akipewa namba hiyo anajua pa kuanzia. Hata hivyo nenda na kifuniko cha tangi la mafuta kama kinachomoka, kwa maana gari lililokaa juani miaka 20 si rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa, bati lenyewe. Kabla ya chochote ijue rangi iliyopo. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina ya laka, sugua kwa nusu dakika mahali pasipoonekana, mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikichukua rangi kwa wepesi, chini pana laka, na laka juu ya laka hushikana vizuri. Pasipotokea kitu, hiyo ni rangi ya kiwandani iliyokaushwa kwa moto, au 2K iliyokomaa. Ipige msasa sawasawa na uendelee. Lakini rangi ikivimba na kukunjamana kama ngozi iliyoungua, simama. Hiyo ni rangi ya mafuta, aina ileile ya kupaka mageti na madirisha. Laka juu ya rangi ya mafuta itainyanyua yote, na kazi ya siku nzima itageuka makunyanzi. Hapo ni kukwangua mpaka bati.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usinunue ile praima nyekundu ya kuzuia kutu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni nzuri kwa geti. Chini ya laka inakunjamana. Nimeona zaidi ya gari moja likiharibikia hapo, mwenye gari akilaumu rangi ya juu wakati ugonjwa uko chini. Nunua praima iliyoandikwa kuwa ni ya laka, ile ya kijivu inayochanganywa kwa thina hiyohiyo, na kama umefika bati tupu, tanguliza praima ya epoksi au ya kuuma bati, uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kutu haina mjadala. Sisi wa pwani tunaishi na chumvi hewani, na gari lililoegeshwa karibu na bahari huliwa kuanzia chini ya mpira wa mlango na ndani ya ukingo wa madigadi, kusikoonekana. Chokoa kwa bisibisi. Bati likitoboka, hapo panataka kukatwa na kuchomelewa. Puti haizibi tundu, inaliazima siku chache tu. Kama kutu ni ya juu juu, isugue hadi uone bati linang'aa, vishimo vidogo vilivyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, kisha osha na kausha kama maelekezo yake yanavyosema. Na bati tupu usililaze. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, bati ulilolisafisha jioni litakuwa na wekundu asubuhi. Siku unayofika bati ndiyo siku ya kupiga praima.

Puti ichanganywe na hadina yake kwa kiasi cha sehemu 2 kwa 100. Wengi huongeza hadina ili ikauke upesi, na ziada hiyo haikai kimya: hupanda ndani ya rangi na kuacha doa, hasa juu ya rangi nyeupe. Ipige kwa tabaka nyembamba, unene wote usizidi milimita 5 hivi. Bonde kubwa kuliko hilo linataka kunyooshwa kwa nyundo kwanza. Isugue kavu. Ukiingia gereji nyingi utaona puti ikisuguliwa kwa maji ili vumbi lisitimke, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo zamani. Lakini puti hufyonza maji kama tofali bichi. Unaipaka praima, unaipaka rangi, gari linang'aa, halafu linakaa juani, yale maji yanatafuta pa kutokea, na baada ya miezi michache mlango una malengelenge. Vumbi lizuie kwa barakoa, maji yaache kwa hatua za mbele.

Msasa uende kwa ngazi, bila kuruka. Puti ianze na namba 80, ifuate 180, imalizie na 320. Praima isuguliwe kwa msasa wa maji namba 400, halafu 600. Ukiruka kutoka 80 hadi 400, mifereji ya ile 80 itabaki chini. Leo hutaiona kwa kuwa praima imeijaza, lakini thina ya laka itailainisha praima, praima itanywea ndani ya mifereji, na mwezi ujao mlango mzima utakuwa na mistari kama uso uliolalia mkeka. Tumia kipande cha mbao kilichonyooka au raba ngumu nyuma ya msasa. Vidole vitupu huchimba mabonde.

Kuna mbinu moja ya zamani ambayo ningependa kila mtu aijue. Praima ikishakauka, pulizia juu yake vumbi jepesi la rangi nyeusi, jepesi kiasi kwamba ukijivu bado unaonekana. Kisha sugua kwa namba 400. Palipoinuka weusi utatoka mara moja. Palipobonyea weusi utabaki kama dimbwi. Macho hudanganywa na ukijivu, na kiganja huchoka, lakini weusi huo utakuonyesha bonde la unene wa ukucha. Jaza, sugua, pulizia tena. Mlango wangu wa kwanza ulinichukua siku nne za kazi hii na saa moja ya kupuliza rangi. Huo ndio uwiano wa kweli, na anayekuambia gari hupigwa rangi kwa siku moja anahesabu ile saa moja tu.

Praima yenyewe iache ikauke, hata kama inaonekana kavu kwa kugusa baada ya nusu saa. Usiku mmoja ni bora. Thina iliyobaki ndani yake ndiyo inayoleta unyweaji niliousema.

Mafuta na silikoni ni adui wasioonekana. Dawa ya kung'arisha dashibodi, nta, hata losheni ya mikononi, zikigusa bati, rangi inakimbia pale na kuacha duara dogo lenye kitovu, ambalo mafundi huliita jicho la samaki. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha pitisha dawa ya kutoa nta na mafuta kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukiacha ikauke yenyewe, mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Usitumie mafuta ya taa. Yanaacha utando.

Unapofunika vioo na mipira, gazeti la tabaka moja halitoshi, kwa sababu thina hupenya na kuyeyusha wino, ukaja kukuta habari za jana zimechapwa kwenye kioo au, vibaya zaidi, kwenye paa jeupe. Tumia karatasi ya kaki, au gazeti la tabaka mbili tatu, na tepu ya karatasi ikandamizwe vizuri ukingoni.

Kuhusu mahali na saa, kila mji una dini yake. Pwani, kimbia miezi ya masika, Machi hadi Mei, na siku yoyote ambayo mvua imenyesha au inanukia. Pulizia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi: umande umekauka, upepo wa bahari haujaanza kurusha mchanga, na bati halijawa la moto. Gari liwe kivulini. Bati lililokaa juani mpaka likaunguza kiganja hukausha rangi kabla haijatandaa, ikabaki na ukavu wa msasa. Dodoma na Singida shida ni vumbi, na huko ninashauri kumwagia uwanja maji nusu saa kabla. Tanga na Dar es Salaam usimwage maji mengi. Utaongeza unyevu uleule unaoukimbia. Fagia jana yake jioni, tandika turubai. Nairobi mwezi wa Julai subiri jua litoke, kwani bati la baridi linakualikia ukungu.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unashuka na kutambaa chini, na unaweza kutembea hadi kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua, ukawaka huko na moto ukarudi kukufuata. Kabla ya kufungua kopo, zungukia nyumba. Jiko lizimwe, gesi ifungwe, asivute mtu sigara, kompresa yenyewe ikae mbali upande unakotoka upepo kwa sababu mota yake hutoa cheche. Waambie majirani siku moja kabla. Mama mwenye kichanga ukutani kwako ana haki ya kujua lini afunge dirisha au aende kwa shangazi yake. Na usipulize ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa ajili ya kukwepa vumbi.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ile ya karatasi, ya kuzuia vumbi la msasa, nayo haizuii. Inayotakiwa ni ya mpira yenye vichujio viwili vya kaboni vilivyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa rangi na thina, ishike uso sawasawa. Mwenye ndevu nyingi ajue haitamkaa. Ukianza kusikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, vichujio vimekwisha. Baada ya kazi vifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, maana kaboni huendelea kufyonza hata ikiwa imetundikwa ukutani. Hii ndiyo gharama ambayo watu huikata kwanza. Nakusihi kata kwingine. Yule mzee wa Chumbageni alifanya kazi miaka yake yote akiwa amejifunga leso mdomoni, na nilipokuwa nikimtembelea uzeeni alikuwa akipumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

Kuchanganya ni rahisi. Soma kopo; likiwa kimya, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 1 na nusu ya thina ni mwanzo mzuri. Mchanganyiko uwe na wepesi wa maziwa mabichi, na ukiinua kijiti udondoke kwa matone ya upesi, usivute uzi. Thina iwe ile bora, inayouzwa kwa jina la haiglosi. Ya kawaida, ya bei ya chini, iwe ya kuoshea bunduki tu. Hewa ikiwa na unyevu kidogo ongeza thina ya polepole, ile mafundi wanayoiita ritada, isizidi sehemu 1 katika 10. Chuja kwa kitambaa cha nailoni kabla ya kujaza kikombe. Mlango mmoja unatosheka na nusu lita ya rangi kabla ya kuongezwa thina.

Kompresa nayo ifunguliwe koki ya chini, imwage maji. Hewa ya pwani ikikandamizwa huacha maji ndani ya tangi, na siku ya kwanza unaweza kushangaa yanavyotoka. Weka na kichujio cha maji kwenye mpira, karibu na bunduki. Presha iwe kati ya psi 35 na 45, yaani juu kidogo ya ile unayojaza tairi za gari dogo, na pua ya bunduki milimita 1.3 hadi 1.5.

Jaribu kwanza kwenye boksi lililosimamishwa. Unatafuta alama ndefu ya yai, sawa juu na chini, isiyo na matone. Kisha nenda mlangoni. Bunduki isimame sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati na ibaki hivyo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Usiupeleke mkono kama anayefagia uwanja, kwa sababu mfagiaji huchora upinde: katikati bunduki inasogea, pembeni inakwenda mbali, na rangi inakuwa nene katikati. Tembeza mwili mzima, kifundo cha mkono kikaze. Anza kutembea kabla ya kubonyeza, achia kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Kingo zitangulie, uso wa mlango ufuate.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi, bati bado lionekane. Hapa ndipo wengi hukosea kwa uchu, wanataka kuona rangi imefunika palepale. Subiri dakika 5 hadi 10, mpaka mng'ao wa majimaji upotee, kisha mkono wa pili, uliolowa zaidi. Mikono minne hadi sita inatosha, na usiogope kuongeza mmoja, kwa sababu baadaye utausugua na unahitaji unene wa kusugua. Kati ya mikono usiguse kitu. Mdudu akitua mwache. Ukimtoa kwa kidole utaacha shimo, akikaushwa na rangi atatoka kwa msasa.

Rangi ikilia, yaani machozi yakishuka, usiyafute. Yaache yakauke kabisa, kesho au keshokutwa uyasugue kwa msasa wa maji juu ya kipande cha mbao, kisha upulizie pale tu. Ikitoka na ganda la chungwa, mchanganyiko ni mzito au ulisimama mbali. Ikitoka kavu na vumbivumbi, bati lina joto au thina inaruka upesi mno. Ukungu ushaujua.

Baada ya mkono wa mwisho laka itaonekana imepoa, haina mng'ao uliouota. Usikate tamaa na usiongeze mkono. Mng'ao wa laka unatoka kwenye kusugua. Iache siku moja kwa uchache, wiki ikiwezekana, ili thina yote itoke. Kisha chukua msasa wa maji namba 1200, uliolowekwa kwenye ndoo yenye tone la sabuni, sugua kwa mstari mmoja na si kwa kuzunguka, mpaka mlango uwe na ufifi wa sare. Ufuatie 1500, halafu 2000. Kwenye kingo bandika tepu, kwani pale rangi ni nyembamba na utafika praima kabla hujagutuka. Ndipo upake kompaundi kwa kitambaa laini, kwa mkono, sehemu ya ukubwa wa sahani kwa wakati mmoja. Ni kazi ya bega. Mlango unachukua asubuhi nzima, na kuna dakika, kwa kawaida kwenye sahani ya tatu au ya nne, unapoona tawi la mwembe limejichora ndani ya bati, jani kwa jani. Mimi kwa dakika hiyo ningeyarudia yote.

Nta isubiri mwezi mmoja au miwili, rangi ipumue. Baada ya hapo ipake kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu jua letu huifubaza laka. Petroli ikimwagika pembeni ya tangi, osha hapohapo, na mafuta ya breki vivyo hivyo, maana yote mawili huilainisha. Kinyesi cha ndege kisilale. Lami usiitoe kwa thina. Utatoa na rangi.

Kama umebadilisha rangi ya gari zima kuwa nyingine, kadi ya gari ina sehemu ya rangi, na isipolingana na gari lenyewe utasimamishwa barabarani ujieleze. Tanzania taarifa hupelekwa TRA, Kenya NTSA. Kurudisha rangi ileile hakuna usumbufu huo.

Thina chafu isimwagwe mferejini wala karibu na kisima. Itie kwenye kopo la bati, funga, iache siku mbili tatu. Tope la rangi litatuama chini na juu itabaki thina safi ya kuoshea bunduki safari ijayo. Na ile rangi iliyobaki, hata kama ni vijiko vitano, imimine kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae hadi shingoni ili hewa isiwe nyingi, kaza kifuniko, andika namba ya rangi na tarehe. Iweke juu, mbali na jiko na watoto. Kijiwe cha kwanza kitakachorushwa na lori barabarani kitadonoa mlango huo, na utakapofika nyumbani utahitaji tone moja tu na ncha ya kibiriti.